Mlango wa Mbele na Daraja E

Nesta Prothero alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba namba kumi na nne, Barabara ya Juu, Cwm Hesgin, na alikuwa amekwisha kumtangazia kila mwenye masikio kwamba nyumba ile ataitoka kwa njia moja tu: amelala chali, amebebwa na wanaume sita, kupitia mlango wa mbele.

Aliutaja mlango wa mbele makusudi. Katika mabonde yale ya kusini mwa Wales mlango wa mbele si wa kupita watu. Watu hupita nyuma, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka. Husukuma lango, huita "Ni mimi!" na huwa wameshaingia jikoni kabla hujawajibu. Wa mbele ni wa bibi harusi, mchungaji na jeneza. Anayeubisha siku ya kawaida ni mgeni, na mgeni hana jema: ama anauza mazulia, ama amekuja kusoma mita. Mlango wa mbele wa Nesta ulifunguliwa mara ya mwisho siku walipomtoa mumewe, Emlyn. Tangu hapo ulipakwa rangi ya kijani mara mbili ukiwa umefungwa, na rangi ikashika mlango na fremu vikawa kitu kimoja.

Maisha yake yote alikuwa mpishi wa shule. Nusu ya bonde lile ilikua kwa viazi vyake vya kuponda. Hata sajini wa polisi, mtu mwenye upara na wajukuu, akikutana naye sokoni humwita Anti Nesta na kuficha sigara nyuma ya mgongo. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kushindana na masufuria. Aliolewa akakaa palepale, maana Emlyn ndiye aliyehamia kwake, na jambo hilo hakuacha kumkumbusha mpaka marehemu anafumba macho. Walipata mtoto mmoja, Gethin, ambaye sasa anaishi Cardiff na mke asiyekula vitunguu.

Ili kuelewa balaa lililomkuta, mtu lazima aijue nyumba yenyewe. Mwenye machimbo ya makaa aliyejenga safu ile zamani hakutaka kupoteza hata shubiri ya ardhi, na kilima ni mwinuko mkali. Basi alijenga nyumba mbili zikiwa zimepandana. Ya juu ina ghorofa mbili; mlango wake wa mbele unatazama Barabara ya Juu, na ule wa nyuma unafikiwa kwa kichochoro cha ubavuni. Ya chini ina ghorofa mbili nyingine, imebana mgongo wake kwenye udongo wa kilima, na mlango wake unatazama Barabara ya Chini. Kati ya nyumba hizo mbili hakuna ngazi wala tundu. Mtu wa juu akitaka kumtembelea mtu wa chini, sharti atembee mpaka mwisho wa safu, ashuke ngazi za mawe, kisha arudi safari yote ile kwa barabara ya pili. Ukisimama upande wa Barabara ya Juu utaona kijumba cha kawaida. Ukisimama Barabara ya Chini ukainua shingo, utaona jengo la ghorofa nne kama la tajiri.

Katika nyumba ya chini aliishi Haydn Beynon, ambaye wote walimwita Haydn Chini, ili asichanganywe na Haydn Mkate wa duka la mikate. Alikuwa mchimba makaa mpaka machimbo yalipofungwa, akabakiwa na kifua kibovu. Ajabu ni kwamba kifua hichohicho kiliweza kupuliza tarumbeta kubwa ya shaba, ile ya kukumbatiwa kama mtoto, katika bendi ya bonde. Yeye na Nesta walikuwa hawasemezani. Miaka ya nyuma Emlyn alisahau bomba la bafu wazi, maji yakapenya sakafuni, na dari ya Haydn ikaangukia meza ya chakula cha Jumapili, nyama ya kondoo na kila kitu. Yakasemwa maneno. Emlyn alipokufa, Haydn alitembea nyuma kabisa ya jeneza, akageuka makaburini akaenda zake bila kuingia kunywa chai. Nesta hakulisahau.

Lakini watu wanaotenganishwa na mbao tu hawawezi kunyamaziana kabisa. Tarumbeta ikizidi, Nesta aligonga sakafu kwa chuma cha kuchochea makaa. Nesta akiburura viti, Haydn aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Ikafika mwaka 2005, mwaka wa uthamini upya. Nyumba zote za Wales zilikuwa zimepimwa bei upya na kupangwa katika madaraja, kuanzia A, la nyumba za bei ya chini kabisa, mpaka I, na daraja lako ndilo lililoamua kodi utakayoilipa halmashauri. Barabara ya Juu nzima ilisubiri kwa wasiwasi, kisha ikashusha pumzi. Wengi walibaki B, na mmoja wawili wakashuka A, wakafurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja. Nesta alifungua bahasha yake jikoni mbele ya jirani yake Glenys Pask, mwanamke asiyeweza kuweka siri hata ukimfunga mdomo kwa kamba.

"E," alisema Nesta.

"Hebu lete." Glenys aliinyakua karatasi. "E! Mama yangu! Daktari mwenyewe kule kilimani yuko D. Nesta, umejenga bwawa la kuogelea huko nyuma bila kutuonyesha?"

Nesta hakucheka. Alipiga simu Cardiff, na Gethin akamweleza taratibu, kwa ile sauti ya watoto waliokwisha kuamua kwamba mama yao amezeeka.

"Mama, si suala la bei kupanda. Bei zimepanda kila mahali. Zikipanda zote sawasawa, kila mtu anabaki kwenye daraja lake. Wewe umewapita wenzako, ndiyo maana umehamishwa."

"Nimewapita kwa lipi? Hata rangi sijapaka ndani tangu baba yako afe."

"Sijui, Mama. Ila hawatakupandisha kwa mkupuo. Mwaka huu ngazi moja, mwakani nyingine, mpaka ufike hiyo E. Kwa pensheni yako utaweza?"

Nesta alianza kuhesabu kwa vidole.

"Rufaa unayo haki ya kukata," Gethin aliendelea. "Ikishindikana, Mama, tuiuze. Kuna vyumba vizuri vya wazee hapa karibu nasi. Vina lifti."

Neno lile lifti lilimchoma kuliko neno kuiuza. Hata hivyo alikuwa mkweli kwa nafsi yake, na hesabu ya nyumbani aliijua. Alimwambia mwanawe kwamba sawa, rufaa ikianguka, atauza. Aliweka simu chini, akakaa jikoni peke yake, akalia kidogo, kisha akaosha uso na kumpigia simu mtu wa halmashauri.

Hapo ndipo mdomo ulipomponza.

"Mwanangu, nyumba yangu mmeipandisha daraja E."

"Ndiyo, mama, naiona hapa," alijibu kijana wa watu kwa upole. "Ghorofa nne, vyumba vya kulala vitano."

"Vitano! Mimi ninavyo viwili, na kimoja kimejaa magazeti ya marehemu. Zile ghorofa mbili za chini si zangu. Kuna mwanamume anakaa humo."

Zikasikika kelele za kompyuta.

"Kwa hiyo yupo mtu mzima mwingine anayeishi hapo?"

"Si ndiyo nakwambia! Haydn. Yumo humo tangu kuzaliwa."

"Asante kwa kutufahamisha, mama. Basi nitaliondoa lile punguzo la mtu anayeishi peke yake."

Nesta alirudisha simu mahali pake. Asubuhi aliamka mjane wa daraja B, na kabla ya chai ya saa kumi serikali ilikuwa imempa kasri la ghorofa nne na mwanamume ndani yake.

Glenys alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa jikoni. Kufikia jioni Barabara ya Juu ilijua, na kesho yake Barabara ya Chini.

"Hongera, bibi harusi!" mwuza nyama alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara. "Mmetunyima hata pilau ya harusi!"

Basi, hakusema pilau. Alisema keki. Lakini maudhi yalikuwa yaleyale.

"Anti Nesta, ni kweli Haydn anavaa soksi kitandani?" waliuliza wanawake wa kanisani.

"Kamuulizeni wenyewe," alijibu, na uso ukamwaka.

Jambo jingine lilijulikana polepole, kupitia klabu ya wachimbaji ambako wanaume hunywa bia. Haydn Chini hakuletewa bili yoyote mwaka ule. Daraja hana, namba hana. Nyumba yake ilikuwa imemezwa na ya Nesta kwenye orodha.

"Serikali imenisahau," alisema huku akipangusa povu mdomoni, "nami sina haja ya kuikumbusha."

Nesta alipoyasikia hayo alielewa hatari yake yote. Mtu mmoja tu duniani angeweza kuthibitisha kwamba nyumba ya chini si yake, na mtu huyo alikuwa anakula raha ya kutokuwepo. Juu ya hilo, hawasemezani.

"Mshukie ukamwombe," Glenys alimshauri.

"Nishuke ngazi zote zile nikamwangukie Haydn? Bora nilipie kasri."

Lakini alishuka. Siku ya Jumanne alivaa koti lake la kanisani, akazunguka safu nzima, akagonga mlango wa pekee wa Haydn. Ndani birika lilikuwa likipiga mbinja. Mara likanyamaza, kwa jinsi birika linavyonyamaza likiondolewa motoni na mkono wa mtu. Hakuna aliyefungua. Nesta alisimama pale akaelewa vizuri kabisa kinachoendelea, maana yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa mchezo huo. Mwaka uliotangulia mtu mwenye koti la mvua alibisha mlango wake wa mbele. Nesta akajibanza nyuma ya pazia na kiazi mkononi, akazuia pumzi mpaka mtu yule alipokwenda zake. Alidhani ni mwuza mazulia. Sasa alijua yule alikuwa mthamini. Laiti angemwita apite nyuma, angemwonyesha nyumba yote kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Alipanda ngazi kurudi, akijilaani kila hatua.

Rufaa ilipokelewa, na mwezi wa sita akaja mthamini mwingine, Bwana Hollis, mtu mrefu wa pwani mwenye viatu visivyofaa vilima. Naye, kwa kutojua, akabisha mlango wa mbele.

"Pita nyuma!" Nesta alimfokea kupitia tundu la barua.

"Samahani, mama, ningependa kuuona mlango mkuu ukifunguka."

"Basi utaungoja sana. Pita nyuma."

Akapita nyuma. Nesta alimkalisha sebule ya mbele, chumba ambacho nacho hakikuwa cha kukaliwa, akamwekea chai na keki zake za zabibu zilizopikwa juu ya bamba la chuma. Gethin alikuwa amekuja kutoka Cardiff na karatasi za vile vyumba vya wazee mfukoni. Glenys naye alikuja, akadai ameishiwa sukari. Nje, Barabara ya Juu ilikuwa imesimama kwenye vizingiti vya nyuma na pembeni, ikijifanya inafagia.

Bwana Hollis aliitembea nyumba, akapima, akafungua kabati la chini ya ngazi, akakunja hata zulia. Hakuwa mtu mbaya. Alikula keki, akaomba nyingine, akasema anavyoona.

"Sioni ngazi ya kushuka, mama, hilo nakiri. Lakini wengi katika safu hizi wamenunua nyumba ya chini wakaifanya sehemu ya ya juu. Wengine wametoboa ngazi, wengine wanaitumia hivyohivyo kama stoo. Mwenzangu alipokuja mwaka jana alibisha juu, hakujibiwa. Akabisha chini, hakujibiwa. Akatazama kutoka barabara ya chini akaona ghorofa nne, mlango wa rangi ileile ya kijani. Akaandika alichokiona."

"Rangi ni ya tangu enzi ya kampuni ya makaa. Sote tuliendelea nayo."

"Naamini. Ila leo nimebisha tena chini kabla ya kuja hapa, na hakuna mtu. Mapazia yamefungwa. Siwezi kumwandika mtu niliyesimuliwa tu. Kama hakuna anayeishi humo, nyumba ni moja, na daraja ni E."

"Mama," alisema Gethin kwa sauti ya chini, mkono mfukoni. "Tumejaribu."

Nesta alisimama, akakichukua chuma cha kuchochea makaa. Bwana Hollis akasogeza kiti chake nyuma. Nesta akagonga sakafu. Akagonga tena, safari hii vikombe vikaruka kwenye visahani. Kimya.

"Labda ameenda hospitali," alisema Glenys.

"Yuko hapo. Nasikia anavyopumua."

Akapiga magoti. Kwa mwili wake na umri wake haikuwa kazi ndogo, na Gethin alipotaka kumwinua alimpiga kofi mkononi. Aliinamisha uso mpaka karibu na mbao.

"Haydn! Usijifanye hamnazo, najua uko chini yangu. Haya, nisikilize. Wanataka niuze nyumba. Mimi nikitoka hapa, unajua atakayekuja? Atakuja mtu wa Cardiff mwenye mbwa watatu. Watoto wake watacheza ngoma. Atabomoa bafu aweke kubwa zaidi, Haydn, la kuzama mtu mzima, na atasahau bomba!"

Glenys aliguna. Nesta alishusha pumzi, na alipoendelea sauti ilikuwa nyingine, sauti ambayo hata Gethin hakuwahi kuisikia.

"Dari ile ilikuwa kosa letu. Emlyn alijua. Alitaka kushuka kukuomba radhi, mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia ngoja Haydn aanze yeye. Basi akangoja mpaka akafa. Nimekaa na jambo hilo rohoni, na kila ukipiga tarumbeta nilikugongea kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya kelele. Unapiga vizuri, mshenzi wewe. Samahani, Haydn."

Bwana Hollis alikuwa akitazama viatu vyake. Hakuna aliyejua aweke wapi macho.

Ndipo sakafu ikaanza kutetemeka. Sauti nzito, ya chini kabisa, ilipanda kupitia mbao, ikaingia miguuni mwa kila mtu, kisha ikafunguka ikawa wimbo. Ulikuwa ule wimbo wa kanisani ambao Emlyn aliupenda, ambao bendi haikuupiga siku ya mazishi kwa kuwa mpiga tarumbeta kubwa alikuwa amerudi nyumbani kwa hasira. Haydn aliupiga wote, mpaka mwisho, akipumzika pale kifua kilipomkatalia na kuendelea alipopata pumzi. Nesta alibaki chini na mkono juu ya mbao, machozi yakimtoka bila kuyapangusa.

"Hiyo ni nini?" Bwana Hollis aliuliza.

"Hicho," alijibu Nesta, akishika kiti ainuke, "ni chumba changu cha kulala cha tano, bwana. Kwa mujibu wa orodha yenu. Kinapiga muziki."

Glenys alicheka mpaka akakalia keki.

Wimbo ulipokwisha, mlango ulisikika ukifungwa kwa kishindo kule chini. Kisha wakangoja. Bwana Hollis alisimama dirishani na kalamu yake. Wakangoja zaidi. Chai ikapoa, Nesta akaweka nyingine.

"Amekwenda wapi?" mthamini aliuliza mwishowe.

"Anakuja kwangu," alisema Nesta. "Anatembea mpaka mwisho wa safu, anapanda zile ngazi za mawe. Ana kifua kibovu, atapumzika penye bomba la maji la njiani, kama kawaida yake. Halafu atarudi na Barabara ya Juu yote. Kungekuwa na ngazi humu ndani, si angeshafika?"

Bwana Hollis alimtazama. Taratibu, akaanza kutabasamu, na akaandika kitu.

Kelele zikaanza nje, kwanza mbali, kisha karibu. "Twende, Haydn!" "Vuta pumzi, babu!" "Bwana harusi huyo!" Barabara ya Juu ilikuwa imeacha kujifanya inafagia. Haydn Beynon alikuwa anakuja katikati ya barabara, amevaa suti yake nyeusi ya mazishi, uso mwekundu, tarumbeta kwapani kama shahidi wa pili. Wala hakukata kona kwenda kichochoroni. Alikuja moja kwa moja mpaka mlango wa mbele, akaubisha kwa ngumi.

"Pita nyuma!" Nesta aliita kwa mazoea.

"Sipiti!" Haydn alijibu, akihema. "Siku ya Emlyn sikuingia. Leo naingia alikotokea yeye. Fungua!"

"Haufunguki, wewe! Umepakwa rangi!"

"Basi vuta, nami nisukume!"

Nesta alishika kitasa. Gethin akamshika mama yake kiunoni, na Bwana Hollis, ambaye baadaye aliapa kwamba kazi yake haimruhusu, akatia kisu cha keki kwenye ufa akakata rangi juu mpaka chini. Nje mwuza nyama akaweka bega karibu na la Haydn. Mlango ulilia, ukapasuka, ukafunguka ghafla, na Haydn Chini akaingia sebuleni kwa kasi asiyoitaka, akaangukia kiti cha Emlyn. Barabara ya Juu ilishangilia kama siku Wales inapowafunga Waingereza raga.

Haydn alipata pumzi. Alimnyooshea mthamini kidole chenye makovu ya bluu ya makaa.

"Andika, bwana. Haydn Beynon. Nimezaliwa pale chini, na nalala pale chini, peke yangu, na soksi, kama kuna anayetaka kujua. Nimefanya kazi chini ya ardhi maisha yangu yote. Sikubali nizeeke nikiandikwa chini ya kitanda cha Nesta Prothero."

"Unaelewa kwamba utapewa daraja lako mwenyewe, na bili, kuanzia mwezi wa nne uliopita?"

"Nipe," alisema Haydn. "Nipe na stakabadhi. Klabuni wananiita mzimu." Kisha akamgeukia Nesta, na ujasiri wote ukamwishia. "Ile nyama ya kondoo," alisema, "ilikuwa imeungua kabla dari haijaanguka."

"Nilijua," alisema Nesta. "Nilisikia harufu." Akammiminia chai.

Wiki chache baadaye majibu yalifika. Namba kumi na nne Barabara ya Juu ilirudi daraja B, ghorofa mbili, vyumba viwili, na mjane mmoja anayeishi peke yake mwenye haki ya punguzo lake. Nyumba ya chini ikaingizwa kwenye orodha kwa jina lake yenyewe, daraja A. Haydn aliibandika bili yake kwenye ukuta wa klabu, juu ya picha ya timu ya raga, na kila aliyeingia alilazimika kuisoma. Gethin alirudi Cardiff na karatasi zake, na Nesta alimfungia keki za mke wake, bila vitunguu.

Mlango wa mbele, baada ya kashkash ile, haukukubali tena kufungika sawasawa. Haydn alipanda na randa yake ya mkono, akaukwangua, akaupaka mafuta bawaba, na asubuhi moja ukawa unafunguka kwa kidole kimoja. Nesta alisimama ndani akautazama. Kisha akachukua mfuko wa maganda ya viazi, akafungua, akatoka na ndara zake mpaka barabarani.

Glenys, aliyekuwa dirishani, aliona mlango ule umefunguka akashika kifua. Akatoka mbio.

"Nesta! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Nesta, akitembea juani na takataka zake. "Natoka tu."